Simu Zisizoguswa za Wizara ya Ruhusa

Msihangaike kuitafuta Jamhuri ya Matamko kwenye ramani. Wachoraji wa ramani waliiacha nje kwa heshima zake. Ni nchi tulivu, na kila tatizo lake hutatuliwa kwa tamko. Mvua ikigoma, husomwa tamko la kuikemea, na ikinyesha hadi ikasomba madaraja, husomwa jingine la kuipongeza. Tamko likishasomwa mbele ya watu halisahihishwi, halipunguzwi wala haliongezwi, hupigiwa makofi. Bwana mmoja aliyethubutu kunong'ona kwamba tamko la kilimo limekosewa tarehe, sasa yuko mashambani analitekeleza kwa jembe la mkono.

Katika nchi hiyo kuna Wizara ya Ruhusa, na katika ghorofa ya chini ya wizara hiyo kuna chumba chenye dirisha dogo la kuhudumia watumishi. Humo alikaa Sikudhani Mbelwa, fundi wa mtandao, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mpole wa maneno, mwenye subira ya kumweleza mkurugenzi mara ya nane kwamba kompyuta haiwaki kama haijachomekwa ukutani. Watumishi walimpenda. Wakubwa hawakulijua jina lake, na kwa muda mrefu yeye aliona hiyo ni neema.

Mambo yalianza pale Katibu Mkuu, Mheshimiwa Pelegrini Shombe, alipokwenda ng'ambo kwenye mkutano wa siku nne. Alirudi na sabuni za hoteli na wazo moja. Wazo lilikuwa kwamba simu za watumishi, zikiunganishwa na mtandao wa ofisi, zinaweza kuingiza wezi na maradhi ya kompyuta. Kwa bahati mbaya wazo lenyewe lilikuwa la kweli, na katika kichwa cha mtu kama Shombe wazo la kweli lina madhara kuliko la uongo.

"Ndugu watumishi," alisema ukumbini, mkono mmoja mfukoni, "hewa mnayovuta mmepewa na Mwenyezi Mungu, nami kwa sasa sina mamlaka nayo. Lakini hewa ya mtandao ni ya serikali. Ukiigusa kwa simu yako, simu hiyo ni ya serikali kwa muda wote inapoigusa. Wewe mwenyewe umeazimwa tu."

Makofi yalipotulia alishuka chini kwenda kuuona huo mtandao, maana hakuwahi kuuona. Sikudhani alimwonyesha kisanduku cheupe chenye taa tatu za kijani, juu ya kabati. Mheshimiwa alisikitika kukuta mali ya serikali yenye thamani kubwa namna ile haizidi sahani ya chai. Akaagiza kisanduku kipewe kiti chenye mto, na askari wa kukilinda. Kiti kilipatikana kwa kumwinua askari wa getini, Mzee Ngwali, ambaye tangu siku hiyo alikilinda kisanduku akiwa wima, rungu mkononi, chini ya amri ya kumkamata yeyote atakayeonekana akiuvuta mtandao kwa wingi.

Baada ya hapo ikaletwa programu iitwayo Mlezi. Kila mtumishi aliyetaka simu yake iguse hewa ya ofisi ilibidi aandikwe katika Daftari la Simu na kuwekewa Mlezi ndani ya simu hiyo. Mlezi aliona kilichomo, aliweza kuifunga simu, na akiamriwa aliweza kuifuta yote, picha, namba na sauti, hadi nakala zake zilizohifadhiwa kwingine, ikabaki kama ilivyotoka dukani. Aliyekataa kuandikwa aliambiwa awe anaacha simu getini, kwenye ndoo.

Wakubwa walisoma masharti hayo wakatazamana. Kesho yake likafunguliwa daftari la pili, la jalada jekundu, liitwalo Daftari la Simu Zisizoguswa. Mkurugenzi aliruhusiwa simu mbili zisizoguswa, Katibu Mkuu tano, na Waziri saba. Mara moja idadi ikawa cheo. Mkurugenzi mwenye simu moja aliona haya kuonekana ana upungufu, akaazima ya mkewe. Mwingine alikuja na simu ya marehemu baba mkwe wake, isiyowaka, akasisitiza nayo isiguswe.

Ili Mlezi ajue simu ipi asiiguse, ilibidi kwanza aitambue, na ili aitambue ilibidi awekwe ndani yake. Sikudhani aliwaeleza wakubwa jambo hilo kwa Kiswahili chepesi, mara mbili. Hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa walikuwa wanahesabiana simu.

Kila simu isiyoguswa ilikuwa na fomu yake, na fomu ilikuwa na sehemu iliyoandikwa "Sababu za Kutoguswa. Jaza kwa ukweli." Na wakubwa walijaza kwa ukweli, nawaapia. Katika wizara hiyo fomu hujazwa ili igongwe muhuri. Kuisoma ni utovu wa adabu, kama kufunua chungu cha jirani. Mheshimiwa Shombe alijaza kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko wa kupendeza. Simu ya kwanza: kazi. Simu ya pili: nyumbani. Simu ya tatu: nyumbani kwingine. Simu ya nne: sauti za Waziri akisema mambo asiyopaswa kusema. Simu ya tano: sauti za wengine, kwa mpangilio wa alfabeti.

Sikudhani aligonga muhuri na kuweka fomu kwenye faili. Alizisoma, kwa sababu yeye ni fundi na mafundi hawana adabu, lakini wakati huo hakuwa na ugomvi na mtu.

Mwezi wa tatu mtandao ulikufa. Taa za kisanduku zikawa nyekundu, Mzee Ngwali akakizunguka na rungu pande zote asimwone adui, na kwa siku tatu Jamhuri nzima haikuruhusiwa kitu. Sikudhani alifuatilia chanzo hadi akakipata. Uchafu ulikuwa umeingia kupitia simu ya kwanza ya Mheshimiwa Shombe, aliyekuwa amepakua kitu kilichoahidi kuotesha nywele utosini kwa wiki mbili. Aliusafisha mtandao, kisha akaandika ripoti ya ukurasa mmoja. Akataja simu, siku na saa. Nywele hakuzitaja, kwa staha.

Ripoti ilisomwa, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baadaye. Asubuhi hiyo hiyo Sikudhani aliitwa ghorofa ya tano.

Ghorofa ya tano ina utaratibu wake. Hakuna anayeruhusiwa kumwambia Mheshimiwa neno lolote kabla hajampongeza mara saba, kwa mambo saba tofauti, na yupo afisa kabisa wa kuhesabu. Huyo ni Lazaro Kipimo, Afisa Pongezi, kijana wa tai ndefu na shingo iliyozoea kuinama. Sikudhani alimpongeza Mheshimiwa kwa uongozi, kwa afya, kwa safari, kwa tai, kwa hekima, kwa mvua na kwa kumaliza chai. Kipimo akatikisa kichwa kwamba saba zimetimia.

"Fundi," alisema Mheshimiwa, "una macho makali mno. Macho makali ni hatari kwa mtandao. Nimeamua simu yako ifutwe, iwe mfano. Na kompyuta yako ya kazini pia."

Ndani ya simu ya Sikudhani mlikuwa na jumbe za sauti sitini na moja za mama yake, aliyefariki mwaka uliotangulia. Hazikuwa na lolote la maana. Katika mmoja mama alisema, "Sikudhani mwanangu, leo sina jambo, nimeona tu nikusemeshe. Yule kuku mwekundu ametaga kwenye kapu la nguo." Katika mwingine alimgombeza kwa kutopiga simu, akasahau kuzima, ikasikika akivuta kigoda na kuimba peke yake akichambua kisamvu. Kila asubuhi, kabla hajashuka kitandani, Sikudhani alisikiliza mmoja. Nakala alikuwa nayo moja tu, kwenye kompyuta ya ofisini. Mtu atasema fundi mzima angekuwa na nyingine nyumbani, lakini mganga hajigangi.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba saa moja tu. Humo mna sauti ya marehemu mama yangu. Niitoe, kisha nitaifuta mwenyewe."

Mheshimiwa alitia sukari kwenye kikombe cha pili. "Serikali haina mama, Bi... Bi nani?"

"Sikudhani."

"Serikali haina mama, Bi Sikudhani. Ina taratibu. Futa hapa hapa nione."

Na kwa kuwa hakuna mwingine wizarani aliyejua namna ya kumwamuru Mlezi, Sikudhani alivifuta vyote viwili yeye mwenyewe, kwa kidole chake, amesimama mbele ya meza, huku Mheshimiwa akikoroga chai na Kipimo akitazama zulia. Ilichukua muda mfupi kuliko ile sukari kuyeyuka. Simu ikawaka upya ikamkaribisha, ikamwuliza angependa kutumia lugha gani.

Kwa miezi miwili alijaribu kuzirudisha. Alijua njia zote, akazipita zote, na mwisho wa kila njia hakukuwa na kitu. Siku aliyokata tamaa alikaa chumbani mwake akagundua kwamba ameanza kuisahau sauti yenyewe. Maneno anayo, lakini mlio umemponyoka. Hapo ndipo alipomchukia Pelegrini Shombe. Hakumchukia kwa kelele. Alimchukia kama mtu anavyolea mimba, kwa kula vizuri na kulala mapema na kungoja.

Alinyenyekea. Aliandika ripoti nyingine tano, zote zikisema mtandao u mzima kwa juhudi za Mheshimiwa. Akipishana naye kwenye ngazi alimpongeza mara saba bila kuhesabiwa. Shombe naye akawa anawaambia wageni, "Mnamwona yule? Alikuwa mkaidi. Nimemlea."

Miezi minane ikapita. Kisha ikazuka sauti moja mitaani. Ilikuwa sauti ya mtu akikoroma ndani ya mkutano, mkoromo mnene wenye filimbi mwishoni, na nyuma yake mgeni wa heshima akieleza habari za msaada wa vyandarua. Nchi nzima iliutambua mkoromo ule kuwa wa Shombe, maana hurushwa redioni kila sikukuu. Mtumishi fulani alikuwa ameurekodi kwa simu yake, na hakuna aliyejua ni nani.

Shombe hakulala siku mbili, ingawa ofisini alisinzia. Siku ya tatu alishuka yeye mwenyewe hadi dirishani kwa Sikudhani, karatasi mkononi.

"Ijumaa nasoma tamko mbele ya Waziri," alisema. "Nataka kujua kama mtambo utaliweza. Soma."

Sikudhani alisoma. Baada ya kurasa mbili za utangulizi, tamko lilisema: "Kwa hiyo, kila simu iliyoandikwa katika daftari lolote la Wizara hii, bila kujali cheo cha mwenye nayo, itafutwa yote, siku ya leo, kwa kubonyeza kitufe kimoja."

Alilisoma tena sehemu ile, taratibu. Maneno "bila kujali cheo" huwekwa katika kila tamko la nchi hiyo ili lisikike tamu, na hakuna aliyewahi kudhani yana kazi. Kwenye tamko la foleni za hospitali yamo. Kwenye tamko la kodi yamo, tena mara tatu. Mkono wa Shombe uliyaandika wenyewe, kama mkono unavyoandika tarehe. Na madaftari ya Wizara yalikuwa mawili.

Angeweza kusema. Ilimjia hivyo, wazi kabisa, kwamba neno moja lingetosha: Mheshimiwa, ondoa hili. Angelamba asali ya shukrani, pengine na cheo. Aliliangalia neno hilo lilivyomkaa mdomoni akalimeza.

"Mtambo utaweza?" aliuliza Shombe.

"Utaweza, Mheshimiwa. Mlezi hafanyi asichoandikiwa, na alichoandikiwa hakiachi."

"Kuna kasoro?"

"Limekaa vizuri. Mimi hata nukta nisingeigusa."

Shombe alifurahi, akaondoka akipiga mluzi.

Sikudhani hakutaka kuwaumiza wenziwe. Alimnong'oneza Mzee Ngwali maneno machache, na Mzee Ngwali, ambaye kwa kusimama miezi mingi karibu na kisanduku alikuwa amezoeana na kila mtu, akayapitisha. "Mwenye picha za watoto wake azihamishie nyumbani kabla ya Ijumaa, kisha aitenganishe simu na nakala hizo, Mlezi asizifikie. Usiniulize." Wapishi walihamisha. Madereva walihamisha. Makarani wa masijala walihamisha, na mmoja wao akamwaga jasho kuliko wengine, kwa sababu mkoromo ulikuwa kwake. Hakuna aliyekula njama wala kiapo. Kila mmoja alikuwa na lake na wakubwa, na kila mmoja akafunga mdomo kivyake.

Kasoro Lazaro Kipimo. Yeye aliona madereva wakihangaika na nyaya, akauliza, akaelewa, akapanda mbio ghorofa ya tano. Sikudhani alimwona akipita dirishani na tai begani, akajua anakokwenda.

Kipimo aliingia akihema. "Mheshimiwa, kuhusu tamko..."

Shombe aliinua kidole kimoja. Utaratibu ni utaratibu, na zaidi kwa aliyeajiriwa kuulinda. Kipimo akaanza. Alimpongeza kwa afya, akampongeza kwa viatu, akampongeza kwa ushindi dhidi ya wakorofi ambao bado haujapatikana. Ya nne ilikuwa kwa familia. Alipofika ya tano sauti ilikuwa inamtetemeka na machozi yanamlenga, na Mheshimiwa akaguswa sana.

"Inatosha, Lazaro," alisema. "Nimeona moyo wako. Nenda, nisije nikalia na mimi."

"Bado mbili, Mheshimiwa. Nina neno..."

"Utalisema Jumatatu."

Kipimo alishuka ngazi polepole. Alisimama mbele ya dirisha la Sikudhani, akamtazama, na Sikudhani akamtazama. Kisha Kipimo akaomba waya wa kuhamishia picha za harusi yake.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Waziri alikaa mbele, mkoba wa simu saba kwenye mapaja ya msaidizi wake. Kisanduku cheupe kililetwa na kiti chake, kikawekwa jukwaani upande wa kuume wa Waziri. Kulikuwa na ngoma, na kwaya ya Idara ya Mihuri iliimba wimbo unaosifu usalama. Shombe alisoma tamko zima, na alipofika kwenye "bila kujali cheo" alipandisha sauti na kuinua ngumi. Watumishi waliruka wakashangilia namna ambavyo hawakuwahi kushangilia tangu wizara iundwe. Shombe alidhani wanampenda. Akabonyeza kitufe.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha simu zikaanza kuimba, kwenye mapaja, mifukoni, ndani ya mabegi ya wakurugenzi, ule wimbo mfupi ambao simu huimba ikitoka dukani. Zilikuwa nyingi, zikaimba kwa kupokezana.

Mkurugenzi mmoja alianza kupiga kelele kuhusu simu ya pili, ya nyumba ambayo hakutakiwa kuitaja, mkewe akiwa kiti cha jirani. Mwingine aliipukuta simu yake kama kiatu chenye mchanga. Waziri alipokea zake saba, moja baada ya nyingine, akaona kila moja inamwuliza lugha, na mshipa ukamsimama kwenye paji. Kisha kitu kingine kikampitia usoni, taratibu.

"Shombe," alisema kwa upole, "na zako?"

Shombe alikuwa ameshika ya nne. Alikuwa anaibonyeza, anaibonyeza. "Nazo, Mheshimiwa."

"Zote tano? Hata ile?"

Jasho lilikuwa limemshuka Shombe hadi kwenye kola.

Miaka sita Waziri alikuwa akimwamkia mtu huyu kwa tabasamu, akimpa safari na magari, akicheka mizaha yake, kwa ajili ya sauti zilizokaa ndani ya simu moja. Alijinyoosha kwenye kiti kama mtu aliyetolewa mwiba wa siku nyingi. Akaomba kipaza sauti. Tamko lake halikuwa na utangulizi. Lilisema kwamba kuanzia dakika ile Bwana Pelegrini Shombe amepumzishwa, kwamba gari lake lirudi kwa dereva na dereva abaki nalo hapo hapo, na kwamba ukumbi upige makofi. Ukumbi ulipiga. Shombe aligeuka kuwatazama wale aliowashika kwa alfabeti, kuanzia A, na kila mmoja alikuwa anapiga makofi huku akimtazama machoni, bila woga wowote.

Sikudhani hakupiga makofi. Alikuwa amekaa safu ya mwisho, mikono mapajani, akinywa kila kitu kwa macho. Ilikuwa tamu, na mimi sitawadanganya kwamba ilikuwa na uchungu ndani yake.

Wiki mbili baadaye, alasiri, mtu alisimama kwenye dirisha lake. Alivaa shati lisilopigwa pasi na alikuwa ameshika simu moja kwa mikono miwili. Sikudhani ilimchukua muda kumtambua, kwa sababu hakuwahi kumwona akiwa amesimama kwenye foleni.

"Bi Fundi," alisema Shombe. "Zinaweza kurudi?"

"Haziwezi."

"Hakuna njia kabisa?"

"Nilizijaribu zote. Hakuna."

Shombe alifikiri. Hakuwa mjinga, alikuwa tu hajazoea kazi hiyo. "Wewe ulilisoma tamko kabla," alisema. "Uliona."

"Niliona."

"Ulinyamaza makusudi."

"Makusudi."

Kwa miezi minane Sikudhani alikuwa ameiandaa hotuba yake. Alikuwa na maneno ya kumwambia kuhusu kigoda, na kapu la nguo, na kuku. Alifungua mdomo ayaseme, lakini Shombe alimtangulia.

"Lakini mimi nilikukosea nini?" aliuliza, na macho yake yalionyesha kwamba kweli hajui.

Sikudhani akayarudisha ndani maneno yote aliyoyaandaa, moja moja.

"Kumbuka," alisema.

Shombe alikuna kichwa. "Ni ile likizo ya uzazi niliyoikata katikati?"

"Si mimi yule."

"Ni ule uhamisho? Yule mama aliyepelekwa kisiwani na mume mgonjwa?"

"Si mimi."

"Basi ni barua. Ile barua ya mwaka juzi, ya kumsingizia mtu wizi wa karatasi. Ilibidi awepo wa kusingiziwa." Alishika ukingo wa dirisha. "Au shamba? Wewe ndiye wa lile shamba? Au ni yule binti aliyeacha kazi analia, ni mdogo wako?"

Nyuma yake watu walikuwa wameanza kusimama. Dereva mmoja alisogea karibu. Karani wa masijala alitoa kichwa mlangoni, kisha akatoka mzima mzima. Mwanamke wa jikoni aliposikia habari ya barua alikiweka chini kikapu chake cha vikombe. Shombe hakuwaona. Aliendelea kutaja, akipandisha sauti, akienda nyuma mwaka hadi mwaka, na Sikudhani kwa kila moja akimjibu kwa adabu kwamba si yeye.

Ilipotimia saa tisa na nusu, ambayo kwa mujibu wa taratibu ndiyo saa ya kufunga huduma, alimwambia samahani, akafunga dirisha na kuanza kukusanya vitu vyake.